Skizofrenia ikishaandikwa, nani anarudi kuuliza tena?

Hapa Tabora mtu akishaandikiwa skizofrenia kwenye daftari lake la kliniki ya akili, basi, imetoka hiyo. Kuanzia siku ile kila anayemwona anafungua ukurasa, analiona lile neno, anaandika chini yake "aendelee na dawa, arudi baada ya mwezi", anasaini, wa pili aingie. Nimeshika madaftari ya namna hiyo ya watu tofauti, wengine ndugu zangu kabisa, na kinachonisumbua ni kwamba ukitafuta mahali ambapo mtu aliuliza upya, hivi huyu kweli anaumwa nini, hupaoni. Ukurasa wa kwanza umeamua kila kitu. Na ukurasa wa kwanza mara nyingi uliandikwa usiku, mgonjwa kaletwa kafungwa kamba kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, ndugu wanaongea wote kwa pamoja, na tabibu aliyekuwepo zamu ana mjamzito chumba cha pili.

Niseme mapema nisieleweke vibaya. Skizofrenia ipo, watu wanaumwa kweli, hawajifanyi, sio uvivu na sio laana ya ukoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa milioni 24 hivi duniani, kama mtu mmoja kwa kila watu 300, na wengi wanaanza wakiwa vijana, ile miaka ya kumaliza shule mpaka ishirini na kitu, wanaume wakiwatangulia wanawake kidogo. Dawa zinasaidia wengi sana. Kwa hiyo kama una mdogo wako anatumia dawa usiende kuzificha leo kwa sababu umesoma hapa. Ninachobishania ni namna tunavyoielewa na namna tunavyofikia kusema huyu anayo na huyu hana.

Maana kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba haina kipimo. Malaria unatobolewa kidole, kaswende wanachukua damu, kifua kikuu unatoa makohozi. Skizofrenia hakuna damu wala mkojo wala picha ya kichwa inayoweza kusema huyu hapa anayo. Daktari anasikiliza, anaangalia, anauliza ndugu, alafu analinganisha na orodha ya dalili: kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, kushikilia jambo lisilo la kweli hata umwoneshe nini, maneno kukosa mpangilio, kujitenga, uso kukosa hisia. Na orodha zenyewe ziko mbili kubwa. Ile ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ambayo imeanza kutumika 2022, inataka dalili ziwe zimekaa mwezi mmoja au zaidi. Ile ya Wamarekani, DSM-5 ya mwaka 2013, inataka dalili za huo ugonjwa ziwe zimeonekana miezi sita. Yaani mtu yule yule, kitanda kile kile, akiwa mwezi wa pili wa kuumwa kwa orodha moja anayo na kwa nyingine bado. Zote mbili zimefuta yale makundi ya zamani ambayo wanafunzi wa udaktari walikuwa wanakariri, sijui ya kushuku watu, sijui ya kukakamaa mwili, kwa sababu yalionekana hayawasaidii wagonjwa wala hayatabiri nani atapona.

Na msidhani wenzetu walianza kukubaliana zamani. Kuanzia miaka ya 60 watafiti waliwalinganisha madaktari wa New York na wa London, wakawaonesha video za wagonjwa wale wale, na Wamarekani wakawa wanasema skizofrenia mara nyingi zaidi kuliko Waingereza, ambao kwa baadhi ya wagonjwa hao hao waliona sonona au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka.

Ukirudi nyuma kwenye historia unaelewa kwanini. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa akili Emil Kraepelin wa Ujerumani aliwakusanya pamoja vijana waliokuwa wanaumwa mapema na kuendelea kudhoofika, akaona ni ugonjwa mmoja. Eugen Bleuler wa Uswisi ndo akaja na jina hili mwaka 1908, na kitabu chake cha 1911 kinazungumzia kundi la magonjwa, wingi, hakusema moja. Hilo la wingi tumelisahau. Tangu hapo skizofrenia imekuwa kama kapu ambalo kila kisichojulikana kinatupiwa humo, na kila sayansi inapopata chanzo cha kitu kimoja, hicho kinatolewa kinapelekwa kwenye idara nyingine na kapu linabaki na jina lile lile.

Mfano ambao kila mtu anayehusika na kliniki za akili angepaswa kuujua ni wa kaswende ya ubongo. Enzi hizo za Kraepelin hospitali za vichaa Ulaya zilikuwa na watu wengi waliochanganyikiwa, wanajiona matajiri, wanajiona wafalme, alafu wanapooza na kufa. Walilazwa pamoja na vichaa wengine. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na mwenzake Moore, New York, wakawakuta vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa marehemu wa aina hiyo. Penisilini ilipokuja kutumika miaka ya 40 ugonjwa ule ukaanza kupotea wodini. Na msiseme hayo ni ya kale, maana mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya ubongo viitwavyo NMDA, unawapata sana wasichana, wengine wana uvimbe kwenye ovari, wanaanza na kusikia sauti na kushuku kila mtu, wiki kadhaa mbele degedege, mdomo na mikono vinacheza vyenyewe, mpaka kupoteza fahamu. Wakitibiwa kinga itulizwe na uvimbe utolewe wengi wanapona. Sasa fikiria kabla ya 2007 hawa wasichana walikuwa wanaandikiwa nini.

Upande wa vinasaba napita haraka, kwa sababu unachosema ni kile kile. Pacha wa kufanana mmoja akiumwa, mwenzake anaumwa kwa nafasi ambayo haizidi nusu. Utafiti mkubwa uliotoka 2022 ulikuta maeneo 287 kwenye vinasaba yanayohusishwa na ugonjwa huu, kila moja likichangia kidogo sana. Na dawa: tangu klopromazini, ile watu wanaita lagatili, ianze kutumika Paris mwaka 1952, karibu dawa zote zilizofuata zinafanya kazi kwa kuzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo, mpaka mwaka 2024 Marekani walipopitisha dawa inayopita njia nyingine kabisa. Chanzo kimoja hakipo.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndo hoja inakuwa nzito kuliko London.

Mkoa huu na majirani zetu wa Kigoma tuko kwenye ukanda wa mbung'o. Kaliua, Urambo, huko Ugalla, upande wa Kigoma Kibondo na Kasulu, malale ni ugonjwa wa kwetu, na ndo maana kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu hapa Tabora kimefanya kazi ya malale miaka mingi. Wanaoumwa ni wale wanaoingia msituni: mrina asali anayelala wiki kadhaa kwenye dago la mizinga, mkata mbao, mchungaji, mvuvi wa mtoni. Malale ya upande wetu wa Afrika haikai miaka mwilini, inakimbia, baada ya wiki au miezi wadudu wanaingia kwenye ubongo na mtu asipotibiwa anakufa. Na akiwa katika hatua hiyo mnamwonaje? Analala mchana usiku yuko macho anazunguka, anakuwa mkali kwa mke wake bila sababu, anaongea peke yake, anavua nguo, anashuku chakula kimewekwa kitu. Ndugu wanasema karogwa na wenye mizinga wenzake. Anazungushwa kwa waganga mpaka hela ya tumbaku inaisha, anafika kituo cha afya akiwa mtu wa kufungwa kamba, na mtu anayempokea anaona kichaa.

Kinachoniogopesha zaidi ni kitu kidogo ambacho ni rahisi kukipita. Zamani mtu mwenye homa alikuwa anapimwa malaria kwa slaidi, mtu wa maabara anaangalia damu kwenye darubini, na kwa macho hayo hayo akikutana na mdudu wa malale anaogelea kati ya chembe za damu anamwona hata kama hakumtafuta. Siku hizi zahanati nyingi zinatumia kile kipimo cha haraka cha malaria, tone moja, mistari inatokea au haitokei, umemaliza. Kipimo kizuri, kimeokoa watoto wengi, sikipingi hata kidogo. Ila kikisema hasi hakuna aliyeangalia damu. Na kwa vile wagonjwa wa malale wanaoripotiwa nchini siku hizi ni wachache, tabibu kijana anaweza kumaliza chuo na kufanya kazi miaka hajawahi kumwona hata mmoja. Huyo mrina asali wetu atapitaje hapo? Na dawa ya vidonge kwa malale hii ya kwetu, feksinidazoli, Shirika la Afya Duniani limeshaiingiza kwenye mwongozo wake mwaka 2024, kwa hiyo matibabu yamekuwa mepesi kuliko zamani, tatizo ni kumtambua.

Ongeza na mengine. Virusi vya Ukimwi vikifika kwenye ubongo. Kaswende, ambayo haijaisha. Kifafa, ambacho mtu anaweza kutoka kwenye mfululizo wa degedege akakaa siku kadhaa anaona vitu na kushuku watu alafu akarudi sawa. Hata dawa, efavirenzi iliyotumiwa na watu wengi wenye virusi kabla ya kubadilishwa ilikuwa inawaletea baadhi ndoto za kutisha na kuchanganyikiwa. Na kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa ndugu zetu waliokimbia vita vya Congo na Burundi, mtu anayesikia sauti ya watu waliouawa mbele yake hilo nalo linahitaji mtu wa kukaa na kusikiliza kabla hajaandika. Miongozo yenyewe inasema ondoa kwanza magonjwa mengine. Kwenye madaftari niliyoshika mimi sehemu ya kuondoa ilikuwa tupu.

Alafu kuna suala la muda, na hapa nitamsema dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, kwa ruhusa yake. Alijifungua salama, siku ya nane hivi akaacha kulala kabisa, anaongea haraka, anasema mtoto amebadilishwa, huyu sio wangu. Mama mkwe akamchukua mtoto. Hospitali moja mkoani wakamlaza, wakamtuliza, na ndani ya wiki chache alikuwa amerudi dada yetu yule yule, ananyonyesha, anacheka, anauliza kwanini watu wanamwangalia hivo. Kwenye daftari: skizofrenia. Sindano kila mwezi. Zikapita miaka hajawahi kusikia sauti wala kushuku mtu, lakini kwa sindano hizo mikono inatetemeka, shingo imekakamaa, anatembea kama amebeba ndoo ya maji kichwani hataki imwagike, na hedhi imesimama watu wanasema tasa. Siku moja tumekaa kwenye benchi la kliniki akaniuliza, "Kaka, hivi hii sindano naichoma mpaka lini?" Nikamwambia tumuulize nesi. Nesi, dada mwema tu na mpole, akafungua daftari akaangalia mwanzo akasema, "Hii ni ya maisha, mama."

Kuchanganyikiwa baada ya kujifungua kunajulikana, kunampata mama mmoja au wawili kwa kila uzazi 1,000, kunaanza mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, ni dharura ya kweli, na kwa undani kuna undugu zaidi na ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kuliko na skizofrenia. Wengi wanapona vizuri. Hata nje ya uzazi, ICD-11 ina kundi la watu wanaochanganyikiwa ghafla na kupona ndani ya miezi mitatu, wengi wao ndani ya mwezi, na hali hiyo imeonekana kuwa ya kawaida zaidi kwenye nchi kama zetu kuliko Ulaya. Yaani sisi ndo tulipaswa kuwa wagumu kuliko wote kuandika lile neno mapema, na tunaandika usiku wa kwanza. Dada alipelekwa kwa daktari bingwa baadaye, akasikilizwa historia yote tangu uzazi, dozi inapunguzwa taratibu na anafuatiliwa, na ameshaambiwa akibeba mimba tena aende mapema maana inaweza kujirudia. Bado tuko kwenye safari hiyo.

Kuna na hili la uchawi ambalo wasomi wetu wanalikwepa. Mtu wa Sikonge akisema nimerogwa, hajaonesha dalili ya ugonjwa wowote, amesema kile ambacho shangazi yake, jirani yake na pengine diwani wake anaamini. Miongozo iko wazi kwamba imani inayoshirikiwa na watu wa mahali pale haihesabiwi kuwa dalili. Sasa unatofautishaje? Waulize ndugu. Mama anayeamini uchawi kabisa kabisa atakwambia, "Uchawi upo ndio, lakini hivi anavyosema huyu sivyo, anasema jogoo anamrekodi." Hapo huyo mama amefanya kazi ya utambuzi kuliko orodha yoyote. Lakini kwa kawaida ndugu tunaulizwa umri wa mgonjwa na kama anavuta bangi, tunatolewa nje.

Hata sauti zenyewe hazisemi lugha moja dunia nzima. Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji watu 60 wenye ugonjwa huu, 20 California, 20 Accra na 20 Chennai. Wamarekani wengi walizieleza sauti kama vurugu na vitisho, kama kitu kimewaharibikia kichwani. Accra wengi walisema kuna sauti nzuri, wengine wakasema ni Mungu anawaambia waachane na zile mbaya. Chennai wengi walisikia ndugu zao, wanaagizwa waoge, wafanye kazi za nyumbani. Hiyo haimaanishi sauti za Kiafrika ni baraka, kuna watu Accra waliteseka pia. Inamaanisha kumuuliza mgonjwa "unasikia sauti?" na kuweka tiki haitoshi, muulize ni ya nani, inasema nini, mnaelewana au mnagombana, inaogopa nini. Kwenye majibu hayo ndo kuna hatari na ndo kuna njia ya kumsaidia.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulioanza miaka ya 60, uliohusisha nchi tisa, Ibadan ya Nigeria ikiwemo, ulikuta wagonjwa wa nchi maskini wanaendelea vizuri zaidi baada ya miaka miwili kuliko wa nchi tajiri. Watu wanapenda sana kuutaja kusema familia ya Kiafrika ni dawa. Watafiti wa baadaye wamelipinga hilo kwa hoja nzito, na mimi nimeona familia ya Kiafrika ikimfunga mtu mnyororo kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Tusijipongeze.

Huko Ulaya wapo wanaotaka jina lenyewe liondoke. Jim van Os wa Uholanzi aliandika mwaka 2016 kwamba kitu kimoja kinachoitwa skizofrenia hakipo, na Robin Murray wa London, mtu aliyetumia maisha yake yote kuutafiti, aliandika 2017 kwamba anategemea dhana hiyo itafika mwisho. Wote wanaona kuchanganyikiwa kuko kwenye mstari mrefu wenye ngazi nyingi na vyanzo vingi. Nawaelewa na kwa sehemu kubwa nakubali. Lakini hoja yao imezaliwa mahali ambapo mgonjwa ana daktari, ana mtu wa ustawi wa jamii, ana kipimo cha kila kitu. Hapa ukisema tu jina lifutwe, wa kwanza kushangilia ni yule anayetaka ndugu yake arudishwe kwa mganga, na wa pili ni yule anayepanga bajeti ya dawa. Mgonjwa wa kwetu anahitaji jina la kumfungulia dirisha la dawa. Asichohitaji ni jina lisilorudiwa.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo na kinawezekana kesho. Usiku wa kwanza iandikwe kile kilichoonekana, amechanganyikiwa, hajalala siku tano, anasikia sauti za wanaume wawili, na atibiwe kwa hicho, lile neno kubwa lisubiri. Iandikwe tarehe aliyoanza kubadilika kwa kumbukumbu ya ndugu, kabla ya mganga na kabla ya maombi, maana bila tarehe hiyo mwezi mmoja na miezi sita havina maana. Ukimwi, kaswende, malaria, na kwa mtu wa msituni slaidi ya damu iangaliwe kwa darubini kwa ajili ya malale. Aliye na uzazi wa karibuni aulizwe, aliyewahi kuanguka kifafa aulizwe. Na angalau mara moja kwa mwaka mtu aliye juu ya yule anayechoma sindano akae na mgonjwa na ndugu, aanze kusoma upya toka mwanzo kana kwamba hajui.

Na ninyi ndugu msisubiri mfumo. Andikeni nyumbani analala saa ngapi, anakula, anasema nini kwa maneno yake mwenyewe, sindano inamfanyaje siku ya tatu. Dawa isikatwe ghafla hata mkishawishika kwamba utambuzi ulikosewa, kurudi kwa ugonjwa baada ya kukatisha ni kubaya. Mkienda kliniki ulizeni mambo mawili: mmejuaje kwamba ni huu ugonjwa na sio mwingine, na lini mtaangalia tena. Ulizeni bila kugombana, nesi wa kliniki ya akili mara nyingi yuko peke yake na watu wa kifafa wako foleni hiyo hiyo, ila mkiwahi asubuhi kabla sindano hazijaanza kuchomwa atapata dakika kumi za kuwasikiliza.